Mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa mtoto aliyeruhusiwa kwenda nyumbani: boksi linaleta nusu tu ya vitu

Hukumu kwanza, kwa sababu wengi wanaosoma hapa wameshapewa tarehe ya kutoka wodini: inafaa, inunuliwe, ila isinunuliwe kama inavyouzwa. Mashine tunaipa nyota 4 kati ya 5. Kilichomo ndani ya boksi tunakipa 2.

Mashine hizi za lita 5, zenye magurudumu manne na ukubwa wa kabati dogo la kando ya kitanda, zilibuniwa kwa mtu mzima mwenye mapafu yaliyochakaa anayetumia lita 2 au 3 kwa dakika. Mtoto njiti aliyekaa wodini miezi mitatu anaweza kurudi nyumbani ameandikiwa robo lita. Matatizo mengi yanayoikuta familia wiki ya kwanza yanaanzia kwenye tofauti hiyo, na muuzaji wa kawaida hajui chochote kuhusu robo lita.

Hapa hatupimi duka. Tunapima aina ya mashine. Majina yanayotajwa sana ni EverFlo ya Philips Respironics, yenye uzito wa kilo 14 hivi, na DeVilbiss 525, yenye kilo 16 hivi. Zipo pia Yuwell na nyingine za Kichina. Zote za kundi hili zinatoa kuanzia nusu lita hadi lita 5 kwa dakika, na oksijeni yenye usafi wa karibu 93%. Kwa mtoto, jina la modeli halina uzito kama tutakayoyaeleza hapa chini.

Bibi na majirani huuliza, "Hii inajazwa wapi?" Haijazwi. Hewa ya chumbani ina oksijeni 21%, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nitrojeni. Kompresa inaisukuma hewa hiyo kwenye makopo mawili yenye chembechembe za zeolaiti. Zeolaiti inashika nitrojeni, oksijeni inapita. Kopo moja likishiba, mashine inageukia la pili na la kwanza linatema nitrojeni nje. Ndiyo maana kila baada ya sekunde chache unasikia "pshh". Mlio huo ni dalili ya afya. Wa kuhofia ni mlio ulionyooka au ukimya.

Tuanze na mtiririko. Mita iliyo mbele ya mashine ina kipira kinachopanda kwenye mistari ya nusu nusu lita. Mstari wa chini kabisa ni 0.5. Chini ya hapo hakuna kinachosomeka, na mzazi aliyeambiwa 0.2 anabaki kukadiria kwa jicho. Kwa mtoto wa kilo 3, kukosea kati ya 0.1 na 0.4 si jambo dogo. Kinachotakiwa ni mita ndogo ya watoto yenye mistari kuanzia 0 hadi lita 1, inayofungwa kwenye tundu la kutolea oksijeni. Mita ya mashine unaifungua kwa wingi, kisha unadhibiti kwa mita ndogo. Usishangae kipira cha mashine kikishuka karibu na sifuri ukishafanya hivyo. Hewa inayopita ni ileile moja, na mita ndogo ndiyo imeibana. Kipira kisomwe jicho likiwa usawa wake, katikati ya kipira ikiwa juu ya mstari. Anayesoma akiwa amesimama na mashine iko sakafuni atapata namba nyingine.

Kuna mashine zinazopiga alamu ya mtiririko mdogo ukishuka chini ya nusu lita. Familia huichoka alamu ile usiku wa pili na kupandisha oksijeni ili inyamaze, na hapo mtoto anapewa dozi ambayo hakuandikiwa. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe, afunge mita ndogo kwenye 0.2, kisha msubiri robo saa nzima. Ikipiga kelele, fundi wa vifaa tiba aitafutie namna yake hukohuko dukani.

Mrija wa puani unaokuja kwenye boksi mara nyingi ni wa mtu mzima. Kwa mtoto hautumiki hata kwa dharura ya siku moja. Ncha zake zinaziba tundu la pua, mtoto anapumua kwa shida na ngozi inachubuka. Kipimo ni kwamba ncha isijaze zaidi ya nusu ya upana wa tundu. Kuna saizi ya mtoto mchanga, ya mtoto wa miezi kadhaa na ya mtoto mkubwa, na mtoto anavuka saizi moja kwenda nyingine bila kuaga, kwa hiyo chukua sita za saizi ya sasa na mbili za inayofuata. Mrija ufutwe kila siku kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, na ubadilishwe kila baada ya wiki mbili hivi au mapema zaidi ukianza kukakamaa. Plastiki iliyokakamaa ndiyo inayokata ngozi iliyo kati ya matundu ya pua.

Mrija ushikizwe mashavuni kwa plasta laini, kisha upitishwe nyuma ya shingo na ndani ya fulana hadi chini mgongoni. Usiachwe ukining'inia kifuani. Mtoto anayeanza kujigeuza hujizungushia mrija shingoni kwa dakika mbili tu. Mrija mrefu wa kuunganisha wa mita 7 unatosha nyumba nyingi. Ukiwa mrefu zaidi unakanyagwa na kiti, unabanwa na mlango, au unajikunja chini ya godoro.

Jaribio lenye faida kuliko yote halihitaji kifaa. Tumbukiza ncha za mrija kwenye kikombe cha maji safi. Viputo vikitoka, oksijeni inafika. Visipotoka, kuna mahali inavuja, hata kama kipira cha mita kimesimama vizuri. Mvujaji mkuu ni kifuniko cha chupa ya unyevu, ile ya maji ambayo oksijeni hupitia ilainike, kilichofungwa upande. Kifungue, kikae sawa kwenye nyuzi zake, kaza kwa mkono. Mvujaji wa pili ni kiunganishi cha mrija mrefu na mrija wa puani. Kung'uta maji yote kabla ya kumrudishia mtoto. Jaribio hili lifanyike kila asubuhi, na kila mara namba ya oksijeni ya mtoto kwenye kipimo ikishuka bila sababu inayoonekana.

Kuhusu chupa ya unyevu yenyewe, wengi wanaipa heshima isiyostahili. Kwa mtiririko mdogo wa watoto kupitia mrija wa puani, pua inajitosheleza kulainisha hewa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauoni haja ya chupa kwa nusu lita hadi lita 1 kwa mtoto mchanga, wala lita 1 hadi 2 kwa mtoto mkubwa kidogo, oksijeni ikitoka kwenye mashine. Chupa isiyosafishwa ni bwawa la vijidudu linalopulizwa moja kwa moja puani. Hospitali ikisema itumike, maji yawe yaliyochemshwa na kupoa au yaliyotoneshwa. Yamwagwe yote kila siku, chupa ioshwe na kukaushwa, wala usiongezee mapya juu ya ya jana. Mita ndogo ikae kabla ya chupa. Ikiwekwa baada yake, presha inajaa ndani ya chupa na vali ya usalama inaanza kupiga filimbi.

Pua ikikauka, usipake mafuta ya mgando wala mafuta ya nazi. Mafuta na oksijeni haviishi nyumba moja. Yapo malainisho ya maji, na matone ya chumvi ya dukani yanatosha kwa wengi.

Sasa umeme, ambao ndio unaoamua kama mashine hii ni msaada au mzigo. Chukua kwamba mashine inavuta wati (W) 350, kama makadirio ya juu. Kwa saa 24 ni uniti 8.4, kwa mwezi ni uniti 252. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, ya shilingi 356 hivi kwa uniti, hiyo ni karibu shilingi 90,000 kila mwezi juu ya matumizi mengine. Nyumba iliyokuwa kwenye bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi ijue kwamba mashine peke yake inazimaliza uniti hizo ndani ya siku 9, na unafuu unaondoka nazo. Mtiririko mdogo hauokoi kiasi hicho, kwa sababu kompresa inazunguka muda wote, utoe robo lita au lita 4. Mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, isishuke chini ya uniti 40. Hizo hazifiki siku tano za mashine pekee, na vitu vingine ndani ya nyumba vinakula pia.

Volti nazo. Mashine ya volti 230 inavumilia pungufu au ziada ya 10%, yaani kati ya 207 na 253. Mitaa mingi saa mbili usiku, pasi na majiko ya umeme yakiwaka, volti zinateremka chini ya hapo. Kompresa inapata joto na presha inapungua. Usafi wa oksijeni unaweza kushuka huku kipira kikiendelea kuonyesha namba ileile. Watu wengi wananunua friji gadi wakidhani wamemaliza kazi. Friji gadi haipandishi volti. Inakata umeme volti zikishuka, na umeme ukirudi inakusubirisha dakika kadhaa. Kwa friji hiyo ni hekima. Kwa mtoto ni dakika kadhaa bila oksijeni. Kinachotakiwa ni stabilaiza halisi ya VA 1,000 hadi 2,000, inayoinua volti pungufu. Mashine iwe na soketi yake ya ukutani peke yake. Ekstensheni nyembamba inayogawana na feni na televisheni inapata moto, na plagi iliyolegea huanza kuyeyuka taratibu bila mtu kuona.

Umeme ukikatika je? Hapa ndipo familia nyingi hupoteza pesa. Kijana wa dukani atakuuzia inveta na betri. Tufanye hesabu naye. Betri ya volti 12 na ampia-saa (Ah) 100 ina wati-saa (Wh) 1,200. Betri ya tindikali usiiteremshe chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Inveta yenyewe inakula sehemu yake, zinabaki 500 na kidogo. Gawa kwa 350: saa moja na nusu. Isitoshe, kompresa ikianza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake, kwa hiyo inveta ndogo inajizima palepale, na ile yenye wimbi lisilo safi inaichemsha mota. UPS ya kompyuta usiifikirie.

Mtungi mdogo wa oksijeni unaishinda inveta kwa mbali. Mtungi wa lita 10 uliojazwa hadi bar 150 una lita 1,500 za oksijeni: zidisha ujazo wa mtungi kwa presha inayosomeka kwenye geji. Kwa nusu lita kwa dakika, ni dakika 3,000, yaani saa 50. Kwa robo lita ni saa 100. Mtoto hutumia kidogo, na udogo huo unaofanya mita ya mashine isisomeke unaufanya mtungi udumu. Mtu mzima wa lita 3 angeumaliza kwa saa 8 na dakika 20. Kwa hiyo ushauri wetu kwa mtoto aliye chini ya lita 1 ni mashine pamoja na mtungi wa lita 10, na pesa ya inveta iende kwenye kipimo cha oksijeni ya damu.

Mtu makini atauliza: basi kwa nini tusitumie mitungi tu? Swali zuri. Mtungi mkubwa wa lita 40 una lita 6,000, ambazo kwa robo lita zinakwenda siku 16 na zaidi. Familia iliyo karibu na kiwanda cha kujaza inaweza kuishi hivyo, na tumeipa nafasi hiyo bila ubishi. Tatizo ni mafua. Mtoto wa robo lita akipata mafua anaweza kupandishwa hadi lita 1, na siku 16 zinakuwa siku 4, zinazoishia Jumapili usiku. Halafu mtungi mkubwa mtupu una uzito wa kilo 50 na zaidi, lazima ufungwe mnyororo ukutani usimwangukie mtu, na regyuleta yake ya kawaida, kile kifaa cha kichwani kinachopunguza presha, ina mita ya hadi lita 15 ambayo robo lita haiioni kabisa. Mita ndogo inahitajika huko pia.

Regyuleta ijaribiwe kwenye mtungi huohuo utakaopelekwa nyumbani. Vichwa vya mitungi vinatofautiana, na regyuleta isiyoingia utaigundua gizani. Nyuzi zisipakwe grisi wala mafuta, hata zikigoma. Mafuta yakikutana na oksijeni ya presha kubwa yanaweza kuwaka yenyewe. Fungua vali taratibu, geji ikitazama ukutani. Mtungi ukifika bar 30, upeleke ukajazwe.

Mpangilio wa giza likiingia uwe huu, na kila mtu mzima wa nyumbani aufanye kwa mkono wake kabla haujahitajika: tochi, fungua vali ya mtungi, weka mita ndogo kwenye namba iliyoandikwa, hamisha mrija, jaribu kwenye kikombe, mrudishie mtoto. Unafanyika ndani ya dakika mbili. Umeme ukirudi, washa mashine lakini muache mtoto kwenye mtungi dakika 10 zaidi, kwa sababu mashine inahitaji muda huo kurudi kwenye usafi wake. Alamu ya kukatika umeme ijaribiwe kila mwezi kwa kuchomoa plagi mashine ikiwa imewashwa. Baadhi ya mashine hutegemea betri ndogo ya volti 9 kwa alamu hiyo. Betri ikifa, umeme hukatika kimya na aliyelala haamki.

Kipimo cha oksijeni hakimo kwenye boksi, na bila hicho unaendesha gari lisilo na taa. Kile cha kubana kidole kinachouzwa kila duka la dawa ni cha mtu mzima. Kidole cha mtoto kinaelea ndani yake na namba zinaruka. Mtoto anahitaji kihisi cha kuzungushia mguu au dole gumba la mguu. Subiri namba itulie, na mapigo ya moyo yanayoonyeshwa yafanane na unayoyahesabu kwa mkono. Mapigo yasipolingana, hata namba ya oksijeni usiiamini. Miguu ya baridi, mwanga wa jua, kurusharusha miguu na piko nyeusi kwenye vidole vinaweza kupotosha kipimo. Rangi ya ngozi nayo imo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 kwa watu wazima ulikuta kwamba, kipimo kikionyesha 92 hadi 96%, wagonjwa weusi 11.7% walikuwa na oksijeni ya chini ya 88% kwenye damu, dhidi ya 3.6% ya weupe. Hivyo 92 inayoyumba isikupe usingizi. Mwangalie mtoto mwenyewe.

Lengo la namba linaandikwa na daktari wa mtoto huyo. Kwa ugonjwa sugu wa mapafu wa watoto njiti, 92 au 93 kwenda juu ni lengo la kawaida. Mtoto mwenye moyo wenye kasoro ya kuzaliwa anaweza kuwekewa lengo la chini zaidi kwa makusudi, na oksijeni ya ziada ikamdhuru. Namba za jirani ziache kwa jirani. Pima akiwa amelala fofofo na akiwa ananyonya. Akicheza, namba hupendeza, lakini akinyonya inaweza kuzama.

Dalili zinazotangulia namba ni kifua kubonyea chini ya mbavu, pua kutanuka, kuguna kila anapotoa pumzi, na kuacha ziwa baada ya mikupuo michache. Weusi wa bluu utafutwe kwenye ulimi na ufizi, kwani kwenye midomo ya ngozi nyeusi hauonekani mapema. Ukiziona, fanya jaribio la kikombe, hamia kwenye mtungi, pandisha hadi kiwango cha dharura kilichoandikwa, na safari ya hospitali ianze. Usikae kusubiri namba ipande. Kwa upande mwingine, asiondolewe oksijeni kwa sababu "siku hizi amechangamka". Kupunguza ni kazi ya kliniki, na usiku ndio wa mwisho kuachwa.

Moto tuuseme kwa lugha ya nyumbani. Mita 3 kutoka kwenye mkaa, jiko la gesi, mshumaa, sigara. Na udi. Chetezo cha ubani kinachozungushwa chumba hadi chumba jioni kisivuke mlango wa chumba cha mtoto, na dawa ya mbu ya kuchoma ikae mbali vilevile. Ukimvua mtoto mrija kumwogesha, zima mashine. Mrija unaotiririka juu ya blanketi ndani ya chandarua unalowesha nguo kwa oksijeni, na nguo hiyo ikikutana na cheche inashika moto kwa kasi usiyoizoea.

Mashine iachiwe nafasi ya shubiri moja kutoka ukutani na kwenye mapazia, mahali penye hewa. Isiwe jikoni wala kwenye korido ya vumbi. Inatoa joto kama jiko dogo la umeme, na chumba kilichofungwa cha Dar es Salaam kinakuwa tanuri. Weka mashine chumba cha pili, mrija upite mlangoni. Faida nyingine ni mngurumo, ambao kwa mchana si kitu ila kwa mama anayeamka mara nne usiku ni mwingi. Modeli zenye sponji ya nyuma zioshwe sponji hiyo kila wiki, na kila baada ya siku tatu kwenye mitaa ya barabara za vumbi. Ikauke kabisa kabla ya kurudi, maana unyevu ndio adui wa zeolaiti. EverFlo haina sponji ya nje ya mtumiaji, chujio lake ni la fundi. Fundi mwenye kipima usafi aje kila miezi mitatu. Mashine ya kutwa kucha inafanya saa 8,760 kwa mwaka, yaani ile inayoonyesha saa 20,000 kwenye kihesabio imeshafanya kazi miaka miwili na robo bila kupumzika. Anayekuuzia kwa maneno "imetumika kidogo" mwambie awashe kihesabio.

Za kuepuka ziko mbili. Moja ni mashine ndogo zilizojaa mitandaoni tangu Uviko-19, zenye maandishi "lita 1–7". Usome maandishi madogo: 90% na zaidi ni kwa lita 1, na ikifika lita 7 inatoa karibu 30%, ambayo ni hewa ya chumba iliyoongezwa chumvi. Kwa mtoto wa robo lita unaweza kujidanganya kwamba inatosha, lakini nyingi hazina kihisi cha usafi. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya 2015 vinataka mashine ipige alamu usafi ukishuka chini ya 82%. Isiyo na alamu hiyo haifai mtoto, hata ikiuzwa nusu bei.

Ya pili inatumwa kwa mapenzi na ndugu aliye Marekani. Mashine za huko ni za volti 120 na hertz 60, yaani umeme unaogeuka mara 60 kwa sekunde. Transfoma itabadili volti, haitabadili hertz. Kwa hertz 50 zetu kompresa inazunguka polepole kuliko ilivyobuniwa, presha haifiki, mota inachemka. Mwambie ndugu, kwa heshima zote, atume pesa, au atume mita ndogo, mirija ya saizi ya mtoto na kihisi cha mguu, ambavyo ni vyepesi kwenye sanduku na hapa vinasumbua kupatikana.

Kuhusu mafunzo: dakika 15 za muuzaji hazitoshi, na si kazi yake. Omba wodini watu wawili wafundishwe, mama na mwingine atakayelala zamu, awe bibi, baba au dada wa kazi. Mashine yenu iletwe wodini siku mbili kabla, na mtoto akae nayo saa 24 huku nyinyi mkifanya kila kitu na muuguzi akitazama tu. Hitilafu za mita, saizi na alamu hujitokeza hapo, penye oksijeni nyingine ukutani. Karatasi ya kuondokea iwe na namba hizi kwa mwandiko unaosomeka: mtiririko akiwa macho, akiwa amelala, akinyonya, lengo la kipimo, kiwango cha dharura, simu ya kupiga usiku, na tarehe ya kliniki. Ibandikwe ukutani juu ya mashine. Zamu za usiku zipangwe kuanzia usiku wa kwanza, kwa sababu mama aliyekesha siku nne ndiye atakayefunga kifuniko cha chupa upande.

Siku ya kliniki, mtungi wa lita 2 wenye bar 150 una lita 300, saa 10 kwa nusu lita, unatosha foleni na msongamano wa kurudi. Ufungwe mkanda kitini, wima au umelazwa usioviringika, madirisha wazi. Kwa bajaji inawezekana, kwa bodaboda hapana.

Mtoto akishaachishwa oksijeni, mashine isifungiwe stoo ikisubiri mtu wa kuihitaji. Ikikaa miezi bila kuwashwa zeolaiti inanyonya unyevu wa pwani na kuharibika ikiwa inaonekana mpya kabisa. Iwashwe saa kadhaa kila mwezi, na kabla ya kuhamia kwa mtoto mwingine ipimwe usafi, ioshwe sponji, na mirija na chupa vitupwe.